Kukata Kimya

Mzee Mbaruku, mganga wa mitishamba, alifariki mwaka ule wa foleni za sukari. Uani kwake, Kariakoo, aliacha debe lenye mti mmoja wa dawa ya vidonda sugu. Msitu alikouchimba ulikwisha kufyekwa ukawa shamba la kijiji cha ujamaa. Mwingine hakuna aliyejua ulipo.

Binti yake, Siwema, alikuwa msaidizi katika maabara ndogo Upanga, walikokuza mimea ndani ya chupa kutokana na ncha ya chipukizi, ndogo kama punje ya mchele. Chakula cha mimea hiyo kilikuwa uji mzito wa chumvichumvi na sukari. Yeye ndiye aliyemwomba Daktari Candida wajaribu mti wa baba.

"Sisi chai tunakunywa bila sukari, nyinyi mnayapa majani sukari," jirani yake Zamda alimtania. "Mwambie huyo daktari hata mimi nina mizizi, anigawie."

Siwema akacheka, mara ya kwanza tangu matanga.

Lakini baba alikuwa na sharti. Kabla kisu hakijaugusa mti, mkataji aupigie hodi kwa sauti na kuutajia shida iliyomleta. Ukikata kimya umeiba, alisema, na mwenye mali atakuja. Maabara nayo ilikuwa na lake: mdomo ufungwe kitambaa, na asiseme mtu mbele ya chupa iliyo wazi, maana pumzi huleta ukungu.

Siku ya kwanza Siwema alishusha kitambaa, akanong'ona hodi, akakata vipande tisa. Baada ya siku tano chupa zote tisa zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama pamba ya maiti.

"Uliongea, Siwema?"

"Hapana, Daktari."

Daktari Candida alizisogeza chupa kando. "Kwetu Kilimanjaro nasi tunaongea na wazee wetu. Lakini migombani walikozikwa, mama. Si humu."

Debeni lilibaki chipukizi moja. Kila asubuhi Siwema alipolimwagilia, alisikia mtu nyuma yake akisafisha koo, kama baba alipotaka kumkosoa. Akigeuka, hakuna ila kamba ya nguo.

Alipiga hodi uani, akalikata, akalipeleka Upanga. Mbele ya chupa akafunga kitambaa mafundo mawili, akalipasua vipande vitatu bila neno. Jasho lilimtoka hadi viganjani.

Baada ya wiki sita, chupa zote tatu zilikuwa na majani.

"Imekubali," Daktari Candida alisema, akimshika bega. "Sasa tunagawa. Kila mche vipande vinne. Mwezi ujao tena, na unaofuata tena. Tukiacha, itakufa."

"Mpaka lini, Daktari?"

"Hakuna mpaka."

Siwema alipitisha kisu motoni, akangoja kipoe. Akakata wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kupiga hodi popote. Safari hii mkono haukutoka jasho, na hilo ndilo lililomtisha.