Nusu Kilo ya Bibi Harusi

Rabia alikuwa na kiburi, na hakuna haja ya kulizunguka jambo hilo, maana mwenyewe hakuwahi kulificha. Alipoolewa na Latifu na kuhamia Koboko, sifa zake zilitangulia kufika: ndiye yule binti wa Arua anayeoka keki za harusi, za Waislamu na za Wakristo, na hakuna aliyewahi kusema keki yake imemkwama kooni. Katika mizigo yake alileta mizani ndogo ya betri, ile inayosoma gramu. Aliizoea tangu chuo cha mapishi, na mapishi yote aliyoyajua kwa moyo aliyajua kwa gramu.

Ukoo wa Latifu una desturi yake. Bibi harusi hahesabiwi kuwa mtu wa nyumba mpaka mashangazi wa mumewe wafike, wakae mkekani, wale kilichopikwa na mkono wake. Wakila wakanyamaza, ujue hukubaliwi. Wakiomba tena, umeingia. Rabia aliahidi keki, na siku ikapangwa kuwa Ijumaa baada ya swala.

Siku chache kabla, Shangazi Mastula akapita kusalimia. Huyu ndiye mkubwa wa mashangazi, mwuza mchele wa sokoni, mwanamke ambaye ulimi wake haujui mapumziko. Akaiona mizani mezani, akaibonyeza, tarakimu zikawaka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mutoto ya Arua iko na mashine," akamwambia Mama Kadijah, mama mkwe wa Rabia. "Mashine ndiyo inapika. Toa mashine, hapa hakuna mupishi."

Damu ikamchemka Rabia. Angeweza kutabasamu na kumimina chai, kama bibi harusi wengine wenye akili timamu. Yeye aliichukua mizani palepale, akamkabidhi Latifu aliyekuwa akijiandaa kwenda Arua kuleta bidhaa za duka, akamwambia airudishe kwa mama yake Rabia. Keki ataoka, na mashine itabaki Arua. Latifu alimtazama mama yake, mama akatazama paa.

Mama Kadijah naye si mtu wa kupitwa. Kufikia jioni alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mkwe wake anaoka kwa jicho tu. Kwa hiyo heshima iliyowekwa rehani ilikuwa ya wanawake wawili, na mmoja wao hakujua kama mwenzake anaweza.

Rabia alijipa moyo. Jikoni kulikuwa na tumpeko, kile kikombe kikubwa cha plastiki ambacho kila nyumba ya Uganda inacho, cha uji na cha kupimia nafaka. Akajaza maji ya chupa ya nusu lita, yakafika ukingoni bila kumwagika. Akakumbuka darasani: nusu lita ya maji ina uzito wa nusu kilo. Basi kazi imekwisha. Keki yake inataka unga nusu kilo, sukari robo, siagi robo, na mayai. Tumpeko moja ya unga, nusu tumpeko ya sukari, nusu ya siagi. Akaoka ya majaribio kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, huku akiimba.

Aliacha kuimba alipofunua. Keki ilikuwa imebonyea katikati kama mto uliolaliwa, na mafuta yamejikusanya pale kwenye shimo. Aliionja, ikamng'ang'ania meno. Akaificha chini ya ungo, akakaa juu ya kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akaogopa kweli kweli.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda dukani kupima unga wake. Angekwenda, habari ingemfikia Mastula sokoni kabla hata ya mizani kutulia. Alijaribu kutafuta kwenye simu, ikamletea vipimo vya vikombe, lakini ni vikombe vya jikoni za watu wengine, na hakuna mahali palipotaja tumpeko. Kumpigia mama yake Arua hakutaka. Mama angesema mizani inarudi kesho na gari la kwanza, na huo ungekuwa mwisho wa Rabia hapa Koboko.

Aliinuka kuondoa vyombo. Mkono wa kulia akashika tumpeko yenye maji, wa kushoto tumpeko ya pili, pacha wake, yenye unga, zote zimejaa sawasawa. Akasimama. Mkono wa kulia ulikuwa unashuka wenyewe. Akabadilisha mikono, na safari hii ukashuka wa kushoto. Vikombe ni ndugu, wamejaa sawa, lakini mmoja ni mzito karibu mara mbili! Akajiita mjinga kwa sauti. Mwalimu alisema maji. Unga haukutajwa kabisa, ni yeye aliyeuingiza.

Akajifunga kibwebwe. Alilitoa gauni lake la harusi kwenye henga, akalitupa kitandani bila huruma, akaitundika henga msumarini jikoni. Kila upande akafunga kavera tupu, mfuko mwepesi wa plastiki, akasubiri mpaka ikatulia, haikuinama huku wala kule. Upande mmoja akamimina nusu lita ya maji. Upande wa pili akaanza kutia unga, kidogo kidogo, mpaka henga ikanyooka tena.

"Hii si mizani?" Mama Kadijah alikuwa amesimama mlangoni, na hakujulikana tangu lini.

Rabia hakugeuka. Alimjibu kwamba ndiyo, na kama mama anaona ni aibu, aseme sasa. Mkwewe aliitazama henga, akatazama ungo na kilichokuwa chini yake, maana harufu haifichiki. Kisha akaja akashika kavera ya unga isicheze.

Waliumwaga ule unga kwenye tumpeko. Ya kwanza ikajaa, na ya pili ikakaribia kujaa. Mama Kadijah alitaka kuongeza kichuguu juu kama wauzaji wa sokoni wanavyofanya, Rabia akamzuia, akasawazisha kwa kisu. Sukari wakaipima kwa robo lita ya maji. Ilipita nusu ya kikombe kwa kidole kimoja tu, maana sukari haina wepesi wa unga. Rabia alikuwa akicheka peke yake. Hakuwahi kuielewa keki yake vizuri hivyo wakati tarakimu zilipomfanyia kazi.

Ijumaa mashangazi walifika, wakajaa mkekani. Keki ilikuwa imeumuka, juu rangi ya asali, na kisu kilitoka kikavu. Wakala. Wakanyamaza. Mastula alitafuna polepole, akafuta midomo, kisha badala ya kusifu akainuka na kwenda jikoni moja kwa moja kutafuta mashine. Akarudi na henga mkononi, kavera zikining'inia, moja bado ina vumbi la unga.

"Mulinidanganya," akasema. "Hii iko mizani."

Mama Kadijah alifungua mdomo. Rabia akamtangulia. Angeweza kusema ni henga ya nguo tu, na mashangazi wangeamini, maana ndivyo ilivyokuwa. Lakini alijivunia mno ile henga kuikana.

"Iko mizani, shangazi," akasema. "Ulisema toa mashine. Nilitoa. Hii nilitengeneza mimi."

Mastula aliinua henga usawa wa macho yake, yule mwanamke aliyepima mchele maisha yake yote, akaiangalia ikitikisika, akaisubiri mpaka ikatulia. Akairudisha mikononi mwa Rabia kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

Halafu akakaa chini, akasukuma sahani yake mbele.

"Ongeza," akasema.