Bundi wa Bi Mize

Homa ilishamtoka Bi Mize tangu juzi. Kilichotaka kumuua sasa ni watu. Ukumbi umejaa, jikoni hapapitiki, na wote wamekuja kumuaga, eti kwa sababu bundi amelia.

Na bundi mwenyewe si mgeni. Kidude cha rangi ya kutu, hakizidi ngumi mbili, kinakaa na mkewe kwenye tundu la mkarafuu nyuma ya nyumba. Mmoja akiita, mwenzake anaitika, kila magharibi, yeye au babu yake, tangu Bi Mize hajaolewa. Lakini wifi yake, Bi Subira, aliyetoka Chake Chake kuja kumuuguza, alimsikia siku Bi Mize anatetemeka kwa homa. Basi akashika simu, Unguja mpaka Tanga: "Mize ndo basi tena. Bundi kashalia."

"Wifi, yule analia kila siku," Bi Mize alimwambia.

"Siku hizo hukuwa mgonjwa."



Wageni wakaanza kupanga foleni kutaka radhi. Faki, jirani, alimshika mkono akilengwa na machozi. "Shangazi, yule mbuzi wako hakupotea. Tulimla."

"Nimekusamehe. Sasa sogea, joto."

Bi Mize aliomba muhogo wa nazi, akaletewa maji kwa kijiko. Anayekata roho hali muhogo, wakasema. Bi Mize alichoka nao mpaka basi. Kibaya zaidi, katika umati wote ule hamkuwa na mtu aliyemtaka. Mwanawe Makame aligombana naye akahamia Tanga, mwaka wa nane huu, hata Idi haji. Akipigiwa simu ni "nitakuja, mama", basi. Kila hodi ilipopigwa Bi Mize aligeuka kutazama, kisha akarudisha uso ukutani.

Alasiri Bi Subira akamtuma Faki alifukize lile tundu kwa kizinga cha moto, kisha aukate mkarafuu.

"Mkarafuu wangu hakati mtu," alisema Bi Mize, mguu mmoja ushashuka kitandani.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Bi Subira akanung'unika.

Hapo ndipo mwanamume mwenye begi alipoingia, kichwa kina mvi, akapiga magoti. Alikuwa Makame.

"Mama, nipe radhi yako kabla hujaondoka."

"Radhi unayo siku zote. Hukuja kuichukua tu." Alimtazama. Kaota kitambi, mwanawe, na yeye hakukiona kikiota. "Utakaa mpaka lini?"

Makame aliinamisha kichwa. "Mpaka mambo yaishe, mama."

Bi Mize akaurudisha mguu kitandani, akalala chali, akajifunika kanga mpaka kidevuni.

"Faki, zima hicho kizinga," alisema, na sauti ilikuwa imenyong'onyea ghafla. "Bundi asiguswe, aachwe alie. Na muhogo nilioomba, wifi, mpe Makame. Mimi niletee hayo maji ya kijiko."