Ndakala Zilizokimbiwa na Nzi

Nzi walitua juu ya kila meza ya samaki sokoni, isipokuwa meza ya Evodie. Wenzake walimsifu kwa usafi. Yeye hakufurahi. Miaka yote aliyouza ndakala, samaki wadogo wa kukaushwa, mkono wake ulichoka kufukuza nzi. Leo mkono ulikuwa umelala tu magotini.

Akainama, akanusa gunia. Chini ya harufu ya samaki kulikuwa na harufu nyingine iliyowasha pua. Aliijua. Ilikuwa harufu ya mashamba ya nyanya kule Lubuye, siku wanapopuliza dawa ya wadudu.

Fikra zake zikaenda moja kwa moja kwa Jeannette. Ndiye aliyemletea magunia kutoka kambi za uvuvi upande wa Moba, na ndiye mama wa ubatizo wa Joël, mtoto wake. Jeannette alipopita mchana kumsalimu, Evodie alimtazama mikono kuliko uso.

"Ndakala hizi mulizianika wapi?"

"Juu ya mchanga, kama siku zote. Kuna nini, Mama Joël?"

"Nauliza tu."

"Wewe, kuuliza tu?" Jeannette alicheka, lakini aliondoka akigeukageuka.

Evodie akafunga ndakala chache katika plastiki, akaenda biro ya usafi wa soko. Papa Urbain, mkaguzi, alinusa mara moja, akanawa mikono.

"Za nani hizi?"

"Za muntu mumoja."

"Muntu mumoja," alirudia, akimkazia macho. "Mama, dawa hii inaruhusiwa shambani, na hata huko mukulima analazimika kungoja kabla ya kuchuma, mabaki yake yapungue. Kwa samaki sheria haikubali hata tone. Na haimshiki aliyepuliza peke yake. Anayeuza naye anashikwa."

"Hata kama hakujua?"

"Wewe sasa unajua."

Alitoka huku akihisi macho ya mkaguzi mgongoni. Badala ya kurudi sokoni, akaenda nyumbani kukagua magunia mengine. Mlango wa depo alimoweka magunia ulikuwa wazi. Ndani alisimama mume wake, Kyungu, mstaafu wa reli, pompi ya kupulizia dawa mgongoni, kitambaa mdomoni, akiimba wimbo wa kanisa taratibu.

"Papa Joël!"

Kyungu akashusha kitambaa, akatabasamu kama mtu aliyekutwa akiandaa zawadi. "Mvua iliyopita wadudu walikumalizia gunia zima, ukalia. Nilisema safari hii hawatakuliza. Naweka kidogo tu."

Evodie alishika ukingo wa mlango. "Na ndakala tulizokula jana?"

"Ah, zile usiogope. Zetu nilizitenga. Sikuzipuliza."

Aliposikia maneno yake mwenyewe, tabasamu likamtoka.

"Basi ulijua," Evodie alisema.

Kyungu akavua pompi polepole, akaiweka chini.

Ni Evodie mwenyewe aliyemwita Papa Urbain. Magunia yakachukuliwa, yakateketezwa mbali na mto, na Kyungu akaitwa biro kujieleza. Kisha Evodie akaenda kwa Jeannette.

"Nilikushuku wewe," alimwambia, akiwa bado mlangoni.

Jeannette alikunja mikono kifuani. "Niliona. Ulikuwa unatazama mikono yangu kama ya mwizi." Hakumkaribisha ndani, lakini alichukua kitenge chake, wakafuatana kutafuta walionunua. Wengine walitupa samaki. Wengine walimtukana. Mama mmoja, Thérèse, aliuliza swali moja tu: mtoto wake anayeharisha, ni kwa sababu hiyo? Evodie akambeba mtoto yule mpaka hospitali, akakaa naye hadi alipotulia.

Kyungu alirudi, mpole kuliko zamani. Hakupuliza tena. Ila sasa, sahani ikiwekwa mezani, Evodie hunyoosha mkono kama kawaida, halafu anajishughulisha na maji au chumvi mpaka mume wake ameze kwanza. Kyungu ameliona hilo. Humeza haraka.