Jina la Rubani

Mjane wa rubani alimkuta mwanamume mmoja akilifuta kwa leso jina la marehemu mumewe. Ukuta ule wa kambini ulibeba majina ya wanahewa wote walioangamia pamoja naye ndege yake ilipoanguka wakati wa vita, lakini mtu huyo alikuwa ameling'ang'ania hilo moja tu, analisugua kama doa lisilotaka kutoka.

"Mama, ndiye huyo," binti yake alinong'ona. "Kila mwaka sala ya kumbukumbu ikiisha tu, anayeyuka. Nimeulizia. Alikuwa fundi wa ndege ya baba."

Damu ilimchemka mjane. Wakubwa walimwambia injini ilizima angani, basi, wakafunga midomo. Injini haizimi yenyewe. Palikuwa na mkono uliozembea mahali, na miaka yote alikuwa akiusaka.

Alimwambia binti amsubiri, akamwendea yule fundi.

"Unasafisha nini hapo?"

Fundi aligeuka, akavua kofia. "Pole, shemeji..."

"Ushemeji umetoka wapi? Unasafisha jina, au unajisafisha wewe?"

"Ile ndege niliikagua kwa mikono yangu. Ilikuwa nzima."

"Nzima ikaanguka?"

"Mumeo ndiye hakuwa sawa. Macho mekundu, maneno yanamkwama. Nilimsihi ampishe mwenzake, akanicheka. Nakuja hapa nikitaka kukuuliza, kisha naogopa. Alilala usiku ule?"

Usiku ule binti huyu, akiwa bado mchanga, alishikwa na homa kali. Rubani alimbeba, akazunguka naye chumbani huku akimwimbia kwa sauti ya chini, akakataa kabisa kumpokeza mama yake. Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Alimlaza, akavaa viatu, akaenda zake.

Harufu ya marashi ilimgutusha. Binti hakuweza kusubiri; alikuwa amesimama nyuma yake, masikio wazi.

"Alilala," mjane alisema. "Alilala fofofo."

Fundi alimtazama mama, akamtazama binti. Aliikunja leso polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukiinua.

"Basi," alisema hatimaye, "huenda kuna mahali nilipitiwa."

Binti alimkazia macho makali, yasiyopepesa. Mama yake alifumbua kinywa, akakifumba, akamshika mkono wakaondoka.