Kitufe Kisichosema Jina Lake

Mgeni alipiga hodi Jumanne saa nne asubuhi, na Bibi, kabla ya kumkaribisha, alimtazama viatu. Vilikuwa safi mno kwa mtu aliyesema anatoka kazini. Alikuwa fundi wa tovuti wa chuo kikuu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini na daftari jeusi kwapani. Aliamkia kwa adabu zote, na Bibi akaitikia marahaba ya kupimia, ile inayotoka nusu puani.

Shaka hiyo haikuzuka hewani. Mwaka uliopita mjukuu wake, msichana asiyeona tangu kuzaliwa, aliomba kusoma sheria chuoni humo. Kompyuta yake ina sauti inayomsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo, lakini tovuti ya chuo ilikuwa kama nyumba isiyo na milango: sauti iliingia ukumbini ikapotea. Siku ya mwisho ikapita, fomu haijatumwa. Mjukuu, ambaye kwa ubishi wake Bibi alimwita Wakili tangu darasa la pili, akaandika barua ya malalamiko kurasa nne. Miezi ikapita kimya. Sasa, fomu za mwaka huu zikikaribia, wametuma mtu mpaka nyumbani. Bibi alikuwa ameshona sare na magauni miaka arobaini, akaona wateja wa kila sampuli. Alijua kwamba uliyemlalamikia hakuletei kiti ukae. Ukiona amekuletea, kagua miguu ya kiti.

Fundi akaeleza kazi yake. Wameitengeneza tovuti upya ili hata asiyeona, au ambaye mikono haimtii, aweze kuitumia. Lakini wao wanaona, kwa hiyo hawajui walipokosea. Alitaka Wakili ajaze fomu ya majaribio, naye akae kando akitazama. Kisha akamgeukia Bibi, akasema neno lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Bibi, naomba jambo moja. Hata akikwama, tusimsaidie."

"Tumwache tu akwame?"

"Ndiyo, Bibi. Akwame, nione."

Bibi alirudi kwenye cherehani yake dirishani, akavaa kastabini kidoleni, ile kofia ndogo ya shaba inayokinga kidole na sindano, akachukua pindo la sketi alishone kwa mkono. Jicho moja lilikuwa kwenye pindo. La pili lilikuwa kwa mgeni. Mtu gani huyo anayekaa ukingoni kumtazama mwenzake akizama, tena na kalamu mkononi?

Wakili akaanza. Sauti ya kompyuta ilisoma mbiombio kama mtu anayenadi vitu. Jina likapita, tarehe ya kuzaliwa ikapita. Kwenye orodha ya shule akakwama, akarudi, akakwama tena, mara tatu. Kalamu ya fundi ikakwaruza. Alipofaulu kutoka hapo, kalamu ikalala. Bibi akafuatilia hivyo kwa muda: mtoto akikosa, kalamu inakwenda, akipata, imelala. Ikawa dhahiri kwake kwamba hilo si daftari, ni hati ya mashtaka.

Akainuka kama anayetafuta uzi kabatini, akapita nyuma ya kiti cha mgeni. Bibi hakuvuka shule ya msingi, lakini kusoma anasoma, polepole, neno baada ya neno, midomo ikisaidia. Kiganja cha fundi kilifunika nusu ya ukurasa. Katika nusu iliyobaki akasoma: *Ameshindwa mara tatu. Hapati njia.*

Kumbe ndilo walilofuata. Wakitaka kumkataa mtoto watalitoa daftari waseme, tulimwendea mpaka kwao, akashindwa.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa vyeti. Hapo sauti ikasema, "Kitufe." Wakili akasogea mbele. "Kitufe." Akasogea. "Kitufe." Akasogea tena. "Kitufe." Vinne, na hakuna hata kimoja kilichosema jina lake. Lakini Bibi, aliyesimama nyuma na kibunda cha uzi, aliviona wazi maana vilikuwa picha: pipa la taka, karatasi yenye mshale wa kupanda, jicho, na mshale wa kurudi nyuma. Na kila Wakili alipofika kwenye kimoja, kimstari cha buluu kilikizunguka kitufe hicho.

Sasa nyumba hiyo ilikuwa na jambo lake ambalo mgeni hakulijua. Tangu mjukuu akitambaa, Bibi alimwongoza kwa kastabini. Mkono wa mtoto ukikaribia kikombe, Bibi hugonga meza mara moja, ngo, maana yake hapohapo. Ndivyo alivyojifunza kula, kuvaa na kutafuta kiatu kilichopotea, mpaka wote wawili wakawa hawaliwazi tena, kama mtu asivyowaza kupumua.

Wakili akarudi nyuma, taratibu. Buluu ikatua kwenye karatasi.

Ngo.

Kidole kikasita kidogo, kisha kikabonyeza. "Chagua cheti," sauti ikasema.

Fundi aliinua kichwa, akamwona kikongwe na uzi wake, akatabasamu, akaandika kitu kifupi. Bibi akarudi dirishani moyo umetulia tuli. Mjanja amekutana na mjanja mwenzake.

Wakati wa kuaga, fundi alisema palipokwama atatengeneza, palipopita hatapagusa, na fomu zenyewe zitafunguliwa Jumatatu inayofuata na kufungwa Ijumaa ya wiki hiyo. Bibi alisikia Ijumaa tu. Mlango ulipofungwa, akasema huyo Bwana Daftari akirudi, vyeti vifichwe.

Mjukuu hakucheka. "Bibi, uligonga."

"Nilikuwa naweka sawa uzi."

"Mke mwenzangu, uzi haugongi."

Lakini hakuendelea. Naye alikuwa ameisikia ile kalamu ikikwaruza kila alipokosea, na hakuipenda.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, Bibi alipeleka sare kwa mteja. Aliporudi saa sita alimkuta Wakili amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Alikuwa amejaza fomu halisi peke yake tangu asubuhi. Orodha ya shule, iliyomtesa siku ile, ilipita kama maji. Maelezo ya kwa nini anataka sheria aliyaandika humohumo, maneno mia tano. Kisha akafika kwenye vyeti, akasikia kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Akabonyeza kimoja. Sauti ikamwambia maombi yake yamefutwa.

"Si ulikipata siku ile?" Bibi akauliza.

"Sikuhesabu, Bibi. Nilikuwa nasubiri ugonge."

Neno hilo lilimpata Bibi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akasema ni mtego wa Bwana Daftari. Akamwacha mjukuu akianza kuandika upya, akatoka na kanga yake begani na kastabini bado kidoleni, mpaka chuoni.

Ofisi ya fundi ilikuwa chumba chembamba chenye feni inayolalamika na nyaya zilizofungwa kwa kamba za viatu. Bibi hakusalimu. Alisema, "Lete daftari."

Fundi akalitoa palepale, bila kubabaika. Hilo lilimtia Bibi wasiwasi kuliko kama angekataa. Akaketi, akasoma kwa midomo. Juu kabisa, pale palipofunikwa na kiganja siku ile, paliandikwa: *Makosa ya tovuti yetu.* Chini: *Ameshindwa mara tatu. Hapati njia.* Kisha, yaliyoongezwa baadaye: *Orodha ya shule haisomeki, kosa letu.* Mstari umepigwa juu yake, na pembeni: *Imetengenezwa.* Akafungua ukurasa wa pili. *Vyeti: amepita bila shida. Pasiguswe.*

Alisoma mstari huo mara mbili. Feni ikazunguka.

Fundi akasema yeye mwenyewe alikuwa na mashaka na ukurasa huo, alitaka kuubadilisha, ila msichana alipita.

Bibi akavua kastabini, akaiweka mezani.

"Hakupita. Niligonga."

Ikabidi amwonyeshe alivyogonga na maana yake. Fundi hakugomba, alivuta kiti akaanza kukipa kila kitufe jina la kusomwa. Bibi akasogeza kiti chake karibu.

"Fanya, mimi natazama," akasema. "Na ukikwama sikusaidii."

Ijumaa asubuhi fundi alikuwa tena mezani kwao. Wakili alikuwa ameshasimuliwa yote, na alisema neno moja tu, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nguo humu zinashonwa na mtu mmoja. Bibi akalimeza. Akamkabidhi fundi kastabini aishike, kisha akakalia viganja vyake.

"Kitufe, futa maombi," sauti ikasoma. "Kitufe, pakia cheti."

Wakili akabonyeza, akachagua cheti, akatuma fomu, na sauti ikasema maombi yamepokelewa, nambari hii na hii. Akairudisha nambari hiyo mara tatu aisikie vizuri, ingawa aliishika mara ya kwanza.

Fundi akafungua daftari. Bibi akainuka, akasimama nyuma yake, midomo ikaanza kutembea: *Jaribio la kwanza la vyeti lisihesabiwe. Bibi aligonga.*

Akalisoma mpaka nukta, kisha akaweka kidole chini ya neno la mwisho.

"Ongeza hapo," akasema. "Mara moja tu."