Lakiri Kwenye Tangi

Mimi si mwizi. Nilisema hivyo ofisini pale kijijini kwetu Ruanda, nikasema mkutanoni, nikachoka kusema. Dizeli ya lori la kijiji ilikuwa inapungua, na dereva ni mimi, Ildefonsi, basi mwizi awe nani tena? Ndugu Msengi, katibu wetu, mtu wa Singida, akaufunga mfuniko wa tangi kwa kamba, akaumiminia lakiri nyekundu juu na pembeni, akagonga muhuri wa kijiji.

"Ikivunjika hii," akasema, "utalala rumande Mbinga."

Kesho yake asubuhi habari ikaja kutoka Lituhi: mama amefariki, mazishi saa tisa. Kule ziwani joto halingoji mtu. Bahati nzuri lori lilikuwa linapeleka mahindi hukohuko. Katibu akapanda mbele, nikakanyaga mafuta.

Maili nne tu, injini ikakohoa, ikazima.

Nikamwaga maji ya kwenye chujio, nikatoa upepo ulioingia kwenye pampu, ikawaka. Maili nne nyingine, kimya! Nikaitukana pampu, maskini, na wala haikuwa na kosa. Mara ya tatu nikafungua paipu inayotoka kwenye tangi. Badala ya dizeli kutoka, kidole changu kikavutwa. Fyuuu! Tangi lilikuwa linatafuta hewa.

"Ndugu Katibu, ni lakiri yako! Imeziba kitundu cha hewa kwenye mfuniko. Kopo ukilitoboa tundu moja, linamimina? Niruhusu niivunje."

"Ndivyo wasemavyo wezi."

"Mama yangu anazikwa, jamani!"

"Pole sana. Lakini muhuri ni muhuri."

Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Spana ilikuwa mkononi, pigo moja tu lingetosha. Nikawaza rumande, nikawaza watu wa Ruanda wakisema, si tulijua? Nikaogopa. Sifichi, niliogopa.

Basi kila maili nne nasimama, nafungua paipu, tangi linapumua, nafunga, natoa upepo, nawasha. Jua likapita utosini, likaanza kushuka. Katibu anatazama saa yake. Mimi nasema peke yangu kama kichaa: ngoja kidogo, mama, ngoja, nakuja.

Tulifika Lituhi saa kumi na moja. Watu walikuwa wanaosha majembe. Kaka yangu Wendelin akaitazama mikono yangu iliyojaa dizeli.

"Tulikungoja," akasema, "mpaka padri akasema basi."

Nilipogeuka, Ndugu Msengi alikuwa ameinama kwenye tangi, anaipapasa lakiri yake. Haikuwa na ufa hata mmoja. Akaja akanishika bega, uso wake umejaa furaha ya kweli.

"Sasa nimekuamini, Ildefonsi. Wewe si mwizi."

Nikachukua spana, nikaenda nikaivunja ile lakiri mbele ya macho yake, vipande vikaanguka mchangani. Tangi likavuta pumzi ndefu. Kisha nikamwuliza Wendelin kaburi liko wapi.