Chevrolet ya Bibi Ozella

Hakuna wimbo wa rapa Tarvis uliotoka Atlanta kabla ya kupimwa kwenye Chevrolet kuukuu ya bibi yake, Ozella, pale kwa waosha magari. Spika za studio husifia kila kitu, kama mashangazi harusini. Zile za kwenye buti la Chevrolet hazijui kubembeleza: waosha magari wakizima mipira ya maji wasikilize, wimbo umeiva, wakiendelea kusugua, urudishwe jikoni.

Jumamosi ile walisugua.

Vernetta, fundi wa studio aliyezipika sauti za Tarvis miaka sita, alikaa kiti cha nyuma na kompyuta mapajani akitamani ardhi immeze. Wakubwa wa kampuni ya muziki walimwagiza apunguze besi na afute zile kelele ambazo Tarvis hujirushia mwishoni mwa kila mstari, ati redio ziupokee wimbo. Akikaidi, kazi anapewa mwingine. Basi akafuta. Na Tarvis, ambaye mngurumo wake wa kivivu umewafanya vijana wa nusu dunia waongee kama watu wa mtaa huu, sasa alisikika kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Vee, dada'angu, umeninyoa bila maji," Tarvis alisema.

"Ni wakubwa hao, si mimi."

"Kwani wakubwa wana Chevrolet?"

Bibi Ozella, kiti cha mbele, hakuwa nao katika mabishano hayo. Alifumba macho. Kila mstari ulipoisha pakabaki pengo, alilijaza yeye.

"Ehe!"

Mstari mwingine.

"Sema, mwanangu!"

Miaka hamsini ameketi benchi la kwanza kanisani akimwitikia mchungaji hivyo hivyo, na Tarvis alilelewa ubavuni pake.

Vernetta akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Kumbe zile za Tarvis hazikuwa kelele. Alikuwa amemfuta bibi wa watu.

Akairudisha miitikio yote, akaipandisha besi mpaka kibao cha namba za gari kikatetemeka. Mpira mmoja wa maji ukazimwa. Ukafuata wa pili. Mwosha magari mmoja akasimama na sifongo mkononi, povu likimchuruzikia viatuni.

Simu ikaita: kampuni inataka wimbo. Vernetta akautuma huo huo.

"Watakufukuza, Vee," Tarvis alisema taratibu.

"Wanifukuze. Lakini wausikie kwanza."

Kutoka kiti cha mbele, macho bado yamefumbwa, Bibi Ozella akaitikia:

"Sema, mwanangu!"